Miksa ya Mtumba kwa Kurekodi Nyumbani: Mambo ambayo Kwaya Inapaswa Kuyafahamu Kabla ya Kutoa Fedha

Katika parokia zetu, kwaya ikishatimiza miaka mitatu au minne tangu kuundwa, huja siku ambapo mwanakwaya mmoja husimama baada ya mazoezi na kuuliza swali ambalo wengine wote walikuwa nalo moyoni: sisi tutarekodi lini? Kuanzia hapo michango huanza. Mwenye elfu mbili hutoa, mwenye elfu kumi hutoa, na mhazini huandika katika daftari. Baada ya miezi kadhaa viongozi huenda kuulizia bei za studio mjini, hurudi wamenyong'onyea, na ndipo huzuka wazo la pili: kwa nini tusinunue vyombo vyetu wenyewe, tukarekodia katika chumba kimoja nyumbani kwa mwalimu wa kwaya?

Wazo hilo si baya. Vyombo vya kurekodia vimeshuka bei sana, na kompyuta ya kawaida leo inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha mitambo. Lakini kwa kuwa vyombo vipya bado ni ghali kwa mfuko wa kwaya, macho huelekea kwenye mtumba, na chombo cha kwanza kutajwa karibu kila mara ni miksa, yaani meza ya kuchanganyia sauti. Makala hii inakusudia kueleza chombo hicho ni nini, kinafanyaje kazi, na kikaguliwe namna gani kabla ya fedha za watu kutoka mkononi mwa mhazini.

Nianze na kisa kimoja. Kwaya ninayoifahamu iliwahi kuletewa miksa ndogo kutoka Marekani na ndugu wa mmoja wa wanakwaya. Walikuwa wamechanga kwa miezi minane ili kumrudishia gharama zake. Siku ilipofika, walikusanyika wote kuishuhudia, ikachomekwa ukutani, na mwenyekiti, mama wa makamo mwenye subira nyingi, akauliza kutoka nyuma: "Mwalimu, imewaka?" Mwalimu akajibu: "Imewaka, Mama Mwenyekiti, lakini inanuka." Haikupita dakika moja, kukatoka moshi. Chombo kile kilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, nacho kilikuwa kimepewa volti 230. Hakuna aliyekuwa amesoma kibandiko kilicho nyuma yake, ingawa maandishi yalikuwapo, tena kwa herufi zinazosomeka vizuri.

Kifaa chenyewe

Miksa ndogo ya analogi ni kisanduku cha bati gumu, ukubwa wake haupiti sana sinia la chakula, chenye safu za vitufe vya kuzungusha. Kila safu huitwa chaneli, na kila chaneli hupokea sauti moja: kipaza sauti cha mwimbaji, kinanda, gitaa. Neno analogi lina maana kwamba ndani ya kisanduku hicho sauti haigeuzwi kuwa tarakimu kama inavyofanyika katika kompyuta. Inabaki kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti yenyewe, tangu inapoingia hadi inapotoka. Kwa sababu hiyo miksa ya namna hii haina kumbukumbu wala programu ya kuharibika. Umeme wa mtaani ukikatika, ukirudi utakuta kila kitufe kipo palepale ulipokiacha.

Mfano unaojulikana sana ni Mackie 1202, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kampuni ya Mackie ya jimbo la Washington, Marekani, ambayo Greg Mackie aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Matoleo yake yaliyofuata, yenye herufi VLZ, yameenea katika nyumba za wanamuziki ulimwenguni kote, na ndiyo maana mtu akitafuta miksa ya mtumba hukutana nayo mara kwa mara. Jina lisikudanganye: namba 12 ni idadi ya matundu yote ya kuingizia sauti, lakini yanayopokea vipaza sauti ni manne tu. Manane yaliyobaki yamepangwa kwa jozi nne za vinanda na vyombo vingine vyenye sauti ya kushoto na kulia. Kampuni nyingine kama Yamaha, Soundcraft na Allen & Heath zina miksa ndogo za jamii hiyohiyo, na desturi ya kuhesabu ni ileile. Unaponunua, uliza idadi ya matundu ya vipaza sauti, usiulize idadi iliyoandikwa kwenye jina.

Tufuate sasa safari ya sauti moja. Kipaza sauti kinachosikia mwimbaji hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Kabla ya jambo lolote, umeme huo hauna budi kukuzwa, na kazi hiyo hufanywa na kitufe cha juu kabisa katika chaneli, ambacho mafundi wetu hukiita geini. Kukuza kwa desibeli 40 ni kuzidisha mara 100. Kwa desibeli 60 ni mara 1,000. Hapa ndipo ubora wa miksa unapojulikana, kwa maana kikuzaji dhaifu huongeza pamoja na sauti mvumo wake chenyewe, mfano wa mvua ya mbali. Kitufe cha geini kikiwekwa chini mno, sauti itazama katika mvumo huo. Kikiwekwa juu mno, noti za nguvu za soprano zitapasuka, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi awezaye kuishona baadaye.

Baada ya geini huja swichi ya kukata sauti nzito za chini. Mara nyingi hukata kila kilicho chini ya hezi 75 au 80. Hizo si sauti za waimbaji. Ni ngurumo za lori barabarani, vishindo vya miguu sakafuni na upepo wa feni. Mwanakwaya wa besi asiogope, sauti yake haitapungua. Kisha vinafuata vitufe vitatu vya kurekebisha sauti za juu, za kati na za chini, ambavyo wengi wetu huvizungusha kupita kiasi. Nimeona miksa nyingi ambazo vitufe hivyo vimesukumwa mwisho wote, na mwenyewe akalalamika kwamba vipaza sauti vinapiga kelele. Ni vema kuviacha katikati mpaka pawepo sababu ya kuvigusa.

Chini yake kuna njia ya pembeni, inayopeleka nakala ya sauti mahali pengine, kwa mfano kwenye hedifoni za mwimbaji. Halafu kuna kitufe cha kuelekeza sauti kushoto au kulia, na mwisho kiwango cha chaneli yenyewe. Chaneli zote hukutana katika mkondo mmoja wa pande mbili, kushoto na kulia, unaotoka nje kwenda kwenye spika au kwenye kompyuta.

Je, mnaihitaji kweli?

Hapa nitasema wazi, hata kama wauzaji hawatapenda. Ikiwa lengo lenu ni kurekodi mwimbaji mmoja na gitaa lake, hamhitaji miksa. Nunueni kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na fedha iliyobaki nunueni kipaza sauti kizuri. Kadi hiyo ina vikuzaji vyake, na inarekodi kila sauti peke yake.

Miksa hupata maana pale vyombo vinapokuwa vingi, au pale chombo kilekile kitakapotumika pia ukumbini siku ya tamasha. Ina faida nyingine ambayo waimbaji huihisi hata wasipoweza kuitaja. Kompyuta inapopokea sauti na kuirudisha kwenye hedifoni, huichelewesha kidogo. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo ucheleweshaji wa sekunde moja iliyogawanywa kwa 100 tu humfanya mwimbaji ajisikie kama vile sauti yake inatoka kwenye spika iliyo mbali naye mita tatu na nusu. Ucheleweshaji ukiongezeka, mwimbaji huanza kuburuta wimbo, na mwalimu humlaumu bure. Miksa ya analogi haina ucheleweshaji huo: sauti inarudi masikioni papo hapo.

Umeme

Narudi kwenye moshi, kwa sababu naamini hili peke yake lingeokoa fedha nyingi za kwaya zetu. Vyombo vinavyotoka Marekani mara nyingi ni vya volti 120, vya Japani ni volti 100, na vya Ulaya ni volti 230 kama vyetu. Vingine hupokea umeme wowote, na kibandiko huonyesha hivyo kwa kutaja kuanzia 100 hadi 240. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua. Lakini vingi, hasa vya miaka ya 1990, vimefungwa kwa umeme wa nchi vilikouzwa mara ya kwanza. Kibandiko kikisema 120 tu, miksa hiyo inaweza kutumika kwetu kwa transfoma ya kupunguza umeme, na kwa kuwa miksa ndogo hula wati chache, transfoma ya VA 100 inatosha. Gharama ya transfoma iingizwe katika bei kabla ya kukubaliana. Tena iandikwe kwa kalamu nzito juu ya waya wenyewe: VOLTI 120. Mwalimu wa kwaya anajua, lakini kijana atakayeagizwa kuiwasha wiki ijayo hajui.

Kuna mtego wa pili. Miksa nyingi ndogo hazina transfoma ndani yake, bali hutegemea adapta ya nje yenye plagi ya pini tatu, inayotoa umeme wa AC wa namna ya pekee. Adapta ya simu au ya redio haiwezi kushika nafasi yake. Miksa ya aina hiyo ikiuzwa bila adapta, hata kwa bei ya kutupa, ujue kwamba umeuziwa nusu.

Siku ya ukaguzi

Usinunue kwa picha. Muuzaji akiwa Kariakoo au mtaa mwingine wowote, mfuateni, nanyi mwende na kipaza sauti mnachokiamini, waya wake, hedifoni, na simu yenye muziki pamoja na waya wa kuiunganisha. Muuzaji mwenye haraka atasema, "Bosi, hiyo nimeijaribu asubuhi, haina shida." Mjibuni kwa heshima kwamba mnaamini, lakini fedha si yenu.

Kabla ya kuiwasha, inuseni. Harufu ya kuungua hudumu ndani ya bati kwa miaka. Tikiseni polepole na msikilize kama kuna kitu kinachogongagonga. Tazameni matundu: kwa vyombo vilivyokaa pwani, hewa ya chumvi hula chuma, na kutu ndani ya matundu ni dalili kwamba hata ndani ya chombo mambo si shwari. Kwa vilivyokaa bara tatizo huwa ni vumbi jekundu na, niwieni radhi, mende, ambao hupenda sana joto la transfoma.

Kisha iwasheni na kuiacha ikiwaka nusu saa nzima huku mkizungumza mengine. Kuna hitilafu zinazojificha chombo kikiwa baridi na kujitokeza kikipata moto. Baada ya hapo chomekeni kipaza sauti katika chaneli ya kwanza na kukihamisha moja hadi nyingine, mkizungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho na kubonyeza kila swichi. Kitufe kinachokwaruza masikioni kinapozungushwa hakina budi kusafishwa, na hilo si jambo la kuvunja biashara. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme humaliza tatizo mara nyingi. Mafuta ya taa yasikaribishwe hapo, wala mafuta ya cherehani. Lakini chaneli inayopotea na kurudi mnapoligusa tundu lake kidogo ina mpasuko kwenye risasi iliyounganisha tundu hilo na ubao wa ndani. Fundi mzuri anaweza kuirekebisha, ila bei ishuke kwa kadiri ya kazi yake.

Pimeni pia umeme wa volti 48 ambao miksa hupeleka kwenye vipaza sauti vya aina ya kondensa. Bila umeme huo vipaza hivyo ni bubu, na ndivyo vinavyofaa zaidi kurekodi kwaya. Fundi yeyote mwenye mita ataupima kwa sekunde chache: katika tundu lisilo na kipaza, kati ya pini ya 1 na ya 2, kisha ya 1 na ya 3, pande zote zisomeke karibu 48. Upande mmoja ukiwa na upungufu mkubwa, chaneli hiyo ina kasoro.

Mwisho, shusheni sauti zote, vaeni hedifoni na kusikiliza ukimya wake. Mvumo laini ni kawaida. Mngurumo mzito wa umeme, uleule kama wa transfoma ya mtaani, mara nyingi ni dalili ya kapasita zilizozeeka katika sehemu ya umeme, jambo la kawaida kwa chombo cha miaka 25 au 30. Hata hivyo kabla ya kuihukumu miksa, ibadilisheni soketi na waya, maana mngurumo huo pia hutoka kwenye nyumba ambayo waya wake wa ardhi umekatika. Ndiyo sababu waya za vipaza sauti zina pini tatu: mbili hubeba sauti ileile kwa kupishana, kelele ya njiani huingia kwa zote mbili sawasawa, na miksa inapotoa moja katika nyingine, kelele hufutika na sauti hubaki. Waya wa pini mbili hauna kinga hiyo, na katika chumba chenye nyaya nyingi utasikia tofauti.

Kuiunganisha na kompyuta

Hapa ndipo matarajio mengi hukatika. Miksa hutoa mkondo wa pande mbili tu. Ukiupeleka kwenye kompyuta, umerekodi kwaya nzima, soloisti na kinanda katika mkate mmoja, na baada ya kuoka huwezi kutoa chumvi. Soloisti akizidiwa na kinanda, mtarudia wimbo. Hata miksa zenye tundu la USB, zilizo nyingi, hupeleka mkondo huohuo wa pande mbili, ingawa muuzaji atazungumza kana kwamba kila chaneli inakwenda peke yake.

Ipo njia ya kulikwepa tatizo hili kwa miksa kama Mackie 1202, nayo imeelezwa na watengenezaji wenyewe. Kila chaneli ya kipaza sauti ina tundu liitwalo inseti. Plagi ya jeki ya kawaida, isiyo ya stirio, ikisukumwa humo mpaka mlio wa kwanza tu, si mpaka mwisho, huchukua nakala ya sauti bila kuikata isiendelee ndani ya miksa. Kwa waya nne za namna hiyo na kadi ya sauti yenye matundu manne, mnapata sauti nne zilizotengana, huku waimbaji wakisikia mchanganyiko wao katika hedifoni. Nakala hiyo huchukuliwa baada ya geini na kabla ya vitufe vya juu, kati na chini, hivyo mtakachofanya kwa vitufe hivyo hakitarekodiwa. Plagi iliyosukumwa nusu hulegea upesi. Ifungeni kwa utepe. Katika kompyuta, rekodini kwa biti 24 na kuacha nafasi: vilele vya sauti vikifika karibu desibeli 12 chini ya mwisho, inatosha.

Matundu manne yanatosha kwa kwaya ya watu 30 au 40. Vipaza viwili mbele ya kwaya, vimeinuliwa juu ya vichwa, kimoja kwa soloisti, na kimoja cha akiba kwa ngoma au kayamba. Kinanda kitaingia katika moja ya jozi nyingine, lakini jozi hizo hazina inseti, kwa hiyo kirekodiwe mwisho, peke yake, kupitia mkondo mkuu. Kumbukeni kanuni ya moja kwa tatu: kipaza kikiwa mita moja kutoka kwa waimbaji wake, kipaza cha jirani kiwe mbali nacho mita tatu au zaidi. Vikikaribiana, sauti moja hufika kwenye vyote kwa nyakati tofauti kidogo, na zikichanganywa hulana, hata alto wakasikika kama walioimba ndani ya pipa.

Swali moja huulizwa kila mara: je, rekodi hiyo itaweza kupigwa kanisani pale kwaya isipokuwapo? Maelekezo ya Idara ya Ibada ya Roma kuhusu muziki mtakatifu, ya tarehe 3 Septemba 1958, yalikataza mashine za kupiga sauti zilizorekodiwa kushika nafasi ya uimbaji wa kwaya au wa waamini katika liturujia. Maelekezo hayohayo yaliruhusu, nje ya ibada, zitumike kuwafundisha waamini nyimbo. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, miksa ya nyumbani inapolipa kuliko katika albamu yoyote: rekodini sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu na ya nne, kisha kila mwanakwaya apelekewe ya kwake kwenye simu. Asiyejua kusoma nota atakuja mazoezini akiwa ameshika sehemu yake.

Limebaki jambo la daftari. Chombo kinachokaa nyumbani kwa mtu kwa miaka mitano huanza kuonekana ni cha mtu huyo, na mwalimu wa kwaya akihamia parokia nyingine, ugomvi huwa mchungu kwa sababu kila upande unaamini una haki. Siku ileile miksa inapoingia ndani, namba yake ya utengenezaji iandikwe katika daftari la mali za kwaya pamoja na bei, transfoma, adapta na idadi ya waya, kisha mwalimu na mhazini watie sahihi, na nakala abaki nayo Baba Paroko.